Klabu ya hoki Ujerumani yamtaka binti yangu, lakini Maseno nako wamemwita

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kondele hapa Kisumu na nauza mitumba Kibuye. Baba watoto alifariki wakati kitinda mimba akiwa bado ananyonya, na tangu hapo nimewalea mwenyewe kwa msaada wa shemeji yangu mmoja.

Kifungua mimba wangu ni msichana wa miaka 18. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana akapata B ya kutoa, na sasa Maseno wamemwita kusomea ualimu, Hisabati na Kemia. Anatakiwa kuripoti mwisho wa Agosti. Kwetu hilo ni jambo kubwa, maana katika nyumba hii hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu.

Lakini moyo wa mtoto huyu uko kwenye hoki. Alianza kidato cha kwanza kwa gongo la kuazima, na kufikia kidato cha tatu timu ya shule ilikuwa inamtegemea yeye. Anacheza beki, na kona fupi zote, yaani kona za adhabu karibu na goli, ni zake. Mpira haugongi. Anainama karibu aguse ardhi kwa goti, anaukokota kwa gongo, kisha anaurusha. Hata sasa, jioni utamkuta nyuma ya kanisa letu amechora mraba wa chaki ukutani, kila pembe ameipa namba, anataja namba kwanza halafu ndipo anarusha.

Mwalimu wake wa michezo alimrekodi video akazisambaza mtandaoni. Mwezi wa nne klabu moja ya Ujerumani, ambayo timu yake ya wanawake iko daraja la tatu, ikamwandikia. Wanataka afike katikati ya Agosti. Wanasema atakaa na familia ya mwanachama wao, atapewa euro 250 kila mwezi, atasaidia kufunza watoto wa klabu, na wao watalipa nusu ya tiketi ya ndege. Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja.

Ndipo akajitokeza bwana mmoja wa Nairobi anayejiita wakala wa wachezaji. Anataka shilingi 280,000 kushughulikia safari yote, na 100,000 kati ya hizo aipate kabla ya wiki mbili kwisha. Nilipomuuliza habari ya visa alisema muda wa kuomba visa ndefu umeshapita, kwa hivyo mtoto ataingia na visa ya kutembea ya miezi mitatu, "halafu klabu itambadilishia huko huko." Alisema tukichelewa watamchukua msichana wa nchi nyingine.

Shemeji yuko tayari kuuza mitamba yake miwili kule Seme, na anataka nami nichukue mkopo kwenye chama tujazie. Anasema baada ya mwaka mmoja binti ndiye atakayewalipia wadogo zake karo. Mwalimu wa michezo anasema bahati kama hii haiji mara mbili. Dada yangu naye ananiuliza kama nina akili timamu, kumtoa mtoto Maseno akacheze mpira kwa watu nisiowajua.

Mimi mwenyewe naogopa nyumba ya watu baki. Naogopa aumie goti akiwa peke yake. Naogopa pia kwamba nikimkatalia atabeba kinyongo maisha yake yote. Juzi nilimwambia tungoje kidogo. Hakunijibu. Aliinuka akaenda kuosha vyombo, na tangu siku hiyo tunaongea habari za chumvi na sabuni tu.

Je, nimwache aende, au nimshikilie asome kwanza?

Mama wa Kondele

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Kondele, asante kwa kutuandikia kwa kirefu. Umeuliza swali moja, aende au asome, lakini barua yako imebeba maswali kadhaa yaliyosokotana. Liko la kipaji cha binti yako, liko la klabu inayomtaka, liko la mtu wa katikati anayetaka pesa kwa haraka, na liko lile la karo ya wadogo zake ambalo limetajwa kidogo tu ingawa nadhani ndilo zito nyumbani. Ukiyajibu yote kwa neno moja la ndiyo au la, utakuwa umeamua mambo ambayo hujapewa nafasi ya kuyaangalia. Tuyafungue moja moja.

Nianze na visa, kwa sababu hapo pesa zenu na jina la mtoto vinaweza kupotea kwa pamoja. Visa ya kutembea ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, inamruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na haimruhusu kufanya kazi. Chumba cha bure, euro 250 kila mwezi na kufunza watoto wa klabu: afisa wa uhamiaji ataviona hivyo kuwa kazi, hata kama klabu inaziita pesa za mfukoni. Na hiyo habari ya kubadilishiwa huko huko si ya kuitegemea. Mkenya anayetaka kukaa Ujerumani muda mrefu huomba visa ya kitaifa kwenye ubalozi wao Nairobi kabla ya kusafiri. Aliyeingia kama mtalii kwa kawaida huambiwa arudi nyumbani akaombe upya. Akipitisha siku zake, au akikutwa anafanya kazi, anaweza kurudishwa kwa nguvu na kupigwa marufuku kuingia eneo lote la Schengen kwa muda, na ombi lolote atakalopeleka baadaye, hata la masomo, litaangaliwa kwa jicho hilo.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa klabu ni hili: binti yetu anakuja kama nani? Jibu liwe na jina la kibali, kwa maandishi.

Kipo kibali cha mwanamichezo wa kulipwa, ila sheria ya Ujerumani inadai mshahara usiopungua nusu ya kile kiwango cha juu cha mapato kinachokatwa pensheni ya umma. Kwa sasa nusu hiyo ni zaidi ya euro 4,000 kwa mwezi kabla ya makato. Klabu ya daraja la tatu haitoi pesa hizo kwa mchezaji wa hoki. Hata juu kabisa, kwenye Bundesliga, wachezaji wengi wa hoki ni wanafunzi au wana kazi zao nyingine. Njia hiyo iweke kando.

Ipo njia ya au pair, ambayo wasichana wengi wa Kenya wanaifahamu. Huchukuliwa wenye umri wa miaka 18 hadi 26, wakiwa na Kijerumani cha msingi, kiwango cha A1. Familia mwenyeji humpa chumba, chakula, bima, euro 280 za mfukoni kila mwezi na mchango wa euro 70 wa masomo ya lugha. Kazi ya watoto na ya nyumba haizidi saa 30 kwa wiki, ana siku moja na nusu ya kupumzika, na mpango wote hauzidi mwaka mmoja. Sasa angalia: klabu imetaja euro 250, chini ya kiwango cha au pair. Hilo linanionyesha kwamba huko bado hakuna aliyekaa na kanuni mkononi. Huenda ni watu wema wanaojitolea klabuni jioni baada ya kazi zao, lakini wema wao hautamsaidia mtoto mbele ya dirisha la ubalozi. Njia hii ina shida nyingine pia. Au pair hana ruhusa ya kuchukua kazi nyingine ya malipo, kwa hivyo kufunza watoto wa klabu kwa pesa kunaleta mgogoro, na saa zake ziko mikononi mwa familia. Mazoezi ni saa moja jioni, mama mwenye nyumba yuko zamu: nani atabaki na watoto? Jambo hilo ndilo linalowakosanisha wachezaji wengi na wenyeji wao, na linaweza kumalizwa kwa ratiba ya wiki iliyoandikwa kabla ya safari.

Inayokaribiana zaidi na walichokuandikia ni FSJ, mwaka wa huduma ya kujitolea kwa vijana, ambao una tawi la michezo. Hapo kufunza watoto wa klabu ndiyo kazi yenyewe. Kijana hupata pesa za mfukoni, bima ya afya ya umma na siku 25 za mafunzo kwa mwaka, na mara nyingine malazi. Lakini klabu lazima iwe imetambuliwa rasmi kuwa mahali pa huduma hiyo, mkataba uwe umetiwa saini na pande zote, na ubalozini watataka kuona anaweza kuongea Kijerumani cha kutosha kusimama mbele ya watoto. Ya kwenda kama mwanafunzi nitaitaja tu: tangu Septemba 2024 mwombaji asiye na mfadhili huonyesha euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti maalum iliyofungwa.

Njia hizi mbili za katikati, au pair na FSJ, zinataka lugha, na hapo Agosti inaanguka. Kutoka sifuri hadi cheti cha A1, kama kile cha Goethe-Institut Nairobi, ni kazi ya miezi, halafu kuna kungoja siku ya miadi ubalozini na kungoja majibu. Nadhani wakala anajua hivyo, na ndiyo maana akachagua visa ya kutembea: ndiyo pekee inayoweza kutoka kabla ya tarehe yake ya kukusanya pesa.

Hapa niruhusu niulize kuhusu hiyo bahati isiyokuja mara mbili. Msimu wa hoki ya nje Ujerumani hugawanyika. Nusu ya kwanza huchezwa Septemba na Oktoba, baridi ikiingia timu zinahamia ukumbini hadi Februari, kisha zinarudi nje kuanzia Aprili hadi Juni. Mchezaji aliyefika Machi akiwa na karatasi safi hukuta nusu msimu mzima mbele yake. Tena klabu hii haikumwandikia binti yako kwa huruma. Kwenye kona fupi, shuti la kwanza likigongwa lazima livuke mstari wa goli bila kuzidi milimita 460 kwenda juu, yaani urefu wa ubao wa chini ya goli. Mpira uliokokotwa na kurushwa haubanwi na kipimo hicho, mradi usiwe wa hatari kwa wachezaji. Unaweza kwenda pembe ya juu, na kipa ana kufumba na kufumbua tu. Mabeki wa kike wanaorusha vizuri hivyo ni wachache katika madaraja ya chini. Mtu anayeandika barua kutoka mbali kutafuta ujuzi huo anaweza kungoja miezi sita. Akikataa hata kuulizwa, hilo nalo litakuwa limekufunza jambo kuhusu klabu yenyewe.

Sasa huyu wakala. Muombe akuandikie kila shilingi ya zile 280,000 inakwenda wapi. Pasipoti ya kurasa 34 ni kama shilingi 7,500 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ofisi ya uhamiaji iko hapa hapa Kisumu. Cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi, ni 1,050. Ada ya visa ya kitaifa ni euro 75, kama shilingi 11,000 na kitu, na mwombaji huilipa mwenyewe ubalozini. Ongeza kozi na mtihani wa Kijerumani, nauli za Nairobi na nusu ya tiketi. Linganisha jumla yako na yake. Tena, anayepeleka Wakenya kazini nje anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha ya waliosajiliwa inaweza kuangaliwa. Akikutajia ule mkataba ambao Kenya na Ujerumani zilitia saini Septemba 2024, jua kwamba unahusu wafanyakazi wenye ujuzi na wanaokwenda kufunzwa kazi. Haumfanyi mchezaji aruke foleni ya visa. Sisemi ni tapeli, simjui. Nasema mpango aliokueleza kwa mdomo wake mwenyewe una hatari, na hatari hiyo itamkuta mtoto uwanja wa ndege. Wakala yeye atakuwa Nairobi.

Uzuri ni kwamba hamna haja ya kupitia kwake ili kuongea na klabu. Barua iliandikwa kwa binti yako. Aombe simu ya video na kocha, kisha nyingine na familia mwenyeji, nawe uwe umeketi kando yake. Barua pepe itoke kwenye anwani ya klabu, na jina la klabu litafutwe kwenye ratiba za ligi, maana hata timu za daraja la tatu hutangaziwa mechi na matokeo. Kwa familia, uliza bila haya: kuna nani humo ndani, chumba chake kina ufunguo, uwanja uko mbali kiasi gani, nani anamrudisha mazoezi yakiisha usiku wa baridi. Na awepo mtu mwingine klabuni, hasa mwanamke, asiye wa nyumba hiyo, ambaye anaweza kumpigia mambo yakiharibika kwa wenyeji. Nyumba na timu vikishikwa na watu wale wale, msichana akigombana na mmoja anapoteza vyote siku hiyo hiyo. Uliza pia akiumia Oktoba asicheze tena mwaka huo, chumba kinaendelea? Pesa za mfukoni je? Upasuaji wa goti na mazoezi ya kulirudisha, ambayo huchukua miezi mingi, bima inalipa yote? Tiketi ya kurudi inanunuliwa na nani? Ukurasa mmoja haujibu hayo. Omba wa pili.

Kuhusu mchezo wenyewe, kuna mambo ambayo nadhani hata binti hajaambiwa. Kwanza, kucheza ligi ya nchi nyingine kunahitaji barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka chama cha hoki cha nyumbani, kwetu KHU, kwa kanuni za shirikisho la dunia, FIH. Iombwe mapema, na akiwa na deni au vifaa vya klabu ya hapa avirudishe kabla, maana karatasi hukwama kwa mambo madogo kama hayo.

Pili ni uwanja. Eneo letu la Magharibi limetoa wachezaji wengi mno wa hoki kutoka shule kama Musingu, Kamusinga, Tigoi, St Anthony's Kitale, orodha ni ndefu, na inaniuma kwamba wengi wao hujifunza kwenye nyasi na murram na hawakanyagi nyasi bandia mpaka wapelekwe Nairobi. Kule Ulaya watacheza kwenye nyasi bandia, mara nyingi iliyonyunyizwa maji. Mpira haudundi, unateleza kwa kasi, kwa hivyo beki aliyezoea kusubiri mdundo hufika amechelewa. Gongo linatakiwa liwe chini ardhini mapema, magoti yakunjwe zaidi, na mguso wa kwanza uwe laini. Viatu vya njumu havifai. Vinatakiwa vyenye vinundu vidogo vingi vya mpira. Mguu hushika ghafla kwenye uwanja ule, na wiki za kwanza ndizo za kuumia vifundo, misuli ya nyuma ya paja na mifupa ya mbele ya mguu. Asiyezoea apande polepole, nusu ya mazoezi kwa wiki mbili au tatu, na kocha anayekubali hivyo ni kocha wa kuaminiwa. Urushaji wake nao utabadilika. Kwenye uwanja laini mpira hukokoteka mbali zaidi kabla ya kuachiwa, na mzigo wake wote huangukia kiuno na nyonga. Mrushaji kijana akirusha 100 kwa siku kwa sababu amefurahia uwanja mpya, mgongo utamwambia. Arushe 20 au 30 nzuri, apumzike siku moja katikati, na aimarishe tumbo na makalio. Hayo anaweza kuyaanza leo hapo nyuma ya kanisa.

Tatu ni ukumbini. Hoki ya ndani huchezwa na watu sita kila upande pamoja na kipa, pembeni kuna mbao zinazorudisha mpira, mpira haugongwi, husukumwa tu, na hauruhusiwi kuinuliwa isipokuwa kwa kulenga goli. Gongo lake ni jembamba na jepesi. Mchezaji asiyewahi kuucheza hujikuta benchi kuanzia Desemba, giza linaingia saa kumi jioni, hana rafiki, lugha haijakaa sawa. Wengi huvunjika moyo miezi hiyo, wala si kwa kukosa uwezo. Amuulize kocha: majira hayo mimi nitakuwa nafanya nini?

Na kama ndani ya moyo wake kuna ndoto ya vyuo vya Marekani, aseme sasa. Hoki ya NCAA, shirika la michezo ya vyuo huko, ni ya wanawake, na ufadhili upo, lakini wao huangalia miaka tangu mtu amalize sekondari, alikocheza na pesa alizopokea. Mkataba wa Ujerumani unaweza kugusa hayo, kwa hivyo aulize kabla ya kutia saini.

Turudi nyumbani. Shemeji yako ana nia njema. Mtu hauzi mitamba yake kwa mzaha. Lakini hesabu yake ya karo inanitia wasiwasi. Hata zile euro 280 za au pair ni kama shilingi 42,000, na ukiisikia Kibuye ni pesa. Kule zinanunua koti la baridi, viatu vya uwanja, nauli na salio la simu, na mwezi haujaisha. Hoki ya wanawake haina mishahara ya kandanda. Msichana akiondoka akijua kwamba mitamba iliuzwa na chama kinadai kwa ajili yake, atatafuta kazi za kando ambazo kibali chake hakiruhusu, au atacheza na goti linalouma akinyamaza. Je, mnaweza kukaa na shemeji mkasemezana wazi kwamba mwaka huo, kama utakuwepo, hautalipa karo ya mtu? Huenda akabadili mawazo kuhusu mitamba. Huenda asibadili, lakini atakuwa ametoa akijua anachotoa. Na mkopo wa chama una jina lako. Wanachama watakudai wewe, iwe binti amefika au amerudishwa.

Dada yako na mwalimu wanabishana kana kwamba Maseno na hoki ni mafahali wawili. Vyuo vikuu vya umma huwa na utaratibu wa kuahirisha kuanza masomo, kwa kawaida mwaka mmoja, kwa barua kwa msajili wa masomo yenye sababu na ushahidi. Kinachowaponza vijana ni kutoripoti bila kuandika lolote. Ulizeni Maseno wenyewe kama kozi yake inahifadhiwa, na kama mkopo na ufadhili wa serikali utaombwa upya, na jibu liwe na muhuri. Upande wa pili, kusoma hakumtoi uwanjani. Lakers wa hapa Kisumu wamecheza ligi kuu ya wanawake, na USIU na Strathmore ni timu za vyuo zilizocheza ligi hiyo hiyo. Ila nisikufiche kinachopotea kwa kubaki: miaka minne bila uwanja mzuri wa kila wiki hupunguza makali ya mrushaji, na barua kama hii inaweza isije akiwa na miaka 22. Kuna kinachopotea pia kwa kwenda. Mwaka mmoja huwa miwili, darasa la wenzake linamaliza, na Hisabati isiyoguswa hupoa.

Kisha yupo yeye mwenyewe. Ana miaka 18. Kisheria mkataba ataweza kuutia saini bila wewe, na bado hajafanya hivyo. Anangoja neno lako. Kimya chake wewe umekisoma kuwa hasira. Inawezekana. Inawezekana pia anaogopa kama wewe, na akisema anaogopa atakuwa amewapa wanaompinga fimbo. Umewahi kumuuliza anaogopa nini kule, badala ya kama anataka kwenda? Mpe barua ya klabu na kalamu, aandike mwenyewe maswali yasiyojibiwa, wewe uandike yako, mkalinganishe. Aongoze simu ya kocha. Utamwona anavyouliza kuhusu pesa, kuhusu chumba, kuhusu kuumia, na hapo utajua kama yuko tayari kuishi mbali kuliko utakavyojua kwa kumtazama akiosha vyombo. Na ukimwambia tena mngoje, mwambie mnangoja nini na hadi lini. Kungoja kusiko na tarehe, kijana hukusikia kama kukataliwa.

Mimi siwezi kukuamulia, mama. Familia nyingine ikiwa na majibu yale yale ya klabu ingemtoa, na nyingine ingemweka, na zote zingekuwa zinampenda mtoto. Ninachoweza kukuambia ni mpangilio wa siku hizi: shilingi 100,000 zisitoke mpaka klabu iseme jina la kibali kwa maandishi, ombi la pasipoti lianze, kwa kuwa atahitaji pasipoti siku moja aende au abaki, na swali la kuahirisha lifike kwa msajili wa Maseno kabla ya siku ya kuripoti, hata kama hamjaamua lolote. Klabu ikijibu, tuandikie tena na utunakilie walichosema kuhusu bima na nyumba.